Neno Lenye Nyumba Mbili

Kashojwa, Nakivale
12 Februari 2024

Mwalimu Zam,

Bwana asifiwe, na kama kwenu hamsalimiani hivyo, basi pokea salamu kwa namna yenu.

Mimi ni Bernardine, yule Mkongomani mrefu aliyekaa karibu na mlango kwenye semina ya walimu wa sayansi pale Kamukuzi. Ndimi niliyekuomba uniandikie mkononi jina la Kiingereza la kila kitu kilichokuwa juu ya meza. Ulisema nikikwama nikuandikie. Nimekwama. Simu yangu ilitumbukia kwenye sufuria ya maharagwe, kwa hiyo kaka yako Dauda, anayekuja huku kununua mahindi, amekubali kubeba barua. Naandika Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu umekisikia, na kuhusu Kifaransa chako uliniambia mwenyewe.

Kule Uvira nilifundisha kemia na biolojia kwa Kifaransa na watoto walinielewa. Hapa kambini kwa wakimbizi nafundisha kidato cha pili kwa Kiingereza, lugha ninayoijua kwa macho kuliko kwa mdomo. Darasani nina Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, na watoto wa wenyeji kutoka Rugaaga. Kila mmoja ana lugha yake ya nyumbani, na Kiingereza ni mgeni wa wote.

Juzi niliwapa jaribio. Niliuliza: acid ikikutana na base, vinapatikana vitu gani? Jibu ni chumvi na maji, na karibu darasa zima walilipata. Nilifurahi mpaka niliposoma maelezo yao. Mmoja ameandika: "Ukienda Base na karatasi ya familia unapewa chumvi na maji, ila chumvi siku hizi wamepunguza." Huku kwetu Base ni Base Camp, fasi, yaani mahali, ya ofisi zote na ya mgao wa chakula. Wamepata jibu bila kulijua swali.

Halafu nikawauliza aina tatu za solution, yaani myeyusho. Mimi nilitaka iliyoshiba, isiyoshiba, na iliyopita kiasi. Wakaandika: kurudi kwetu, kubaki Uganda, au kupelekwa Kanada. Hizo ndizo solution tatu, yaani suluhisho, tunazoelezwa kwenye kila mkutano wa wakimbizi, na wamezipanga vilevile zinavyopangwa mkutanoni. Kalamu nyekundu ilikataa kuandika sifuri.

Bwana Kizito, mkuu wetu wa shule, si mtu mbaya. Lakini amesema mbele ya walimu wote kwamba mtihani wa majaribio wa Mei ukitoka kama jaribio hili, ataniondoa darasani nikatunze stoo ya vitabu. Stoo yetu haina vitabu. Ina mchwa.

Naomba unifundishe namna ya kufundisha maneno. Na kama unaweza, nitumie buji nne za kupashia vitu moto darasani, maana umeme hatuna.

Wako,
Bernardine


Mbarara
19 Februari 2024

Mwalimu Bernardine,

Waalaykum salaam, nakujibu hata kama hukuitoa.

Barua yako niliisomea chumba cha walimu. Nilicheka peke yangu mpaka mwalimu wa hesabu akauliza kama nimepata mchumba. Kiswahili changu usikishangae. Mama yangu ni wa Bukoba, na nyumbani kwake ukikosea ngeli unanyimwa chai.

Usiwape sifuri watoto hao. Neno ulilowaletea lilikuwa limeshakaliwa na mtu mwingine kabla hujafika nalo, ndiyo shida yenyewe. Tafuta ukuta mmoja. Kila neno gumu lipe nyumba mbili, nyumba ya mtaani na nyumba ya sayansi, na watoto waandike wenyewe. Mtaani base ni ofisi. Katika sayansi base ni kitu kama majivu na sabuni, kinachoteleza mkononi. Waguse kwanza, waseme kwa lugha ya nyumbani, wagombane kidogo, halafu ndipo ulete Kiingereza, kama mgeni anayekuta chai imeshachemka. Na Kifaransa chako usikifiche. Naambiwa oxygen na photosynthesis huko zina majina karibu yaleyale. Wewe unayo nusu ya kamusi tayari.

Kwenye boksi utakuta chati mbili, mirija, glasi, na orodha ya maneno ya kuanzia niliyoiandika mwenyewe: cell, tissue, current, host, na mengine.

Buji zilitusumbua. Nyumbani hakuna aliyejua ni nini isipokuwa Dauda, kwa sababu fundi wake ni Mkongomani. Amekununulia nne, mpya, za pikipiki. Sijaelewa utapashaje moto kwa hizo, lakini huenda Kongo mna mbinu.

Nakupa na jaribio moja la kuonyesha kwamba pumzi tunayotoa ina gesi ya carbon dioxide. Weka lime water kwenye glasi, mtoto apulize kwa mrija. Maji yatageuka meupe kama maziwa. Hawatalisahau.

Zam


Kashojwa
28 Februari 2024

Mdogo wangu Zam,

Nimemwuliza Dauda umri wako, kwa hiyo sasa mimi ni dada yako.

Buji ni mshumaa. Kwa fundi wa pikipiki ni plagi, hilo ni kweli, na ndilo neno la kwanza tuliloliandika ukutani kwa nyumba zake mbili. Plagi zenyewe zimetupa somo la cheche za umeme. Moja Bwana Kizito ameiazima kwa pikipiki yake, na tangu siku hiyo ananisalimia.

Darasani kuna giza, kwa hiyo tumetumia ukuta wa nje, unaotazama njia ya sokoni. Tunaandika kwa mkaa. Wanawake wanaotoka sokoni wanasimama na mizigo kichwani, wanasoma. Tulipoandika kwamba cell mtaani ni chumba cha mahabusu na katika sayansi ni chumba kidogo kabisa cha mwili, mwanafunzi wangu Orpa akauliza, "Kwa hiyo, mwalimu, mwili mzima ni gereza?" Tulibishana kipindi chote. Tangu siku hiyo hakuna aliyekosea cell.

Jaribio la pumzi halikwenda vizuri. Kwa Kifaransa lime ni tupa, ile ya kunolea panga, nikaona maji ya tupa hayaingii akilini. Kamusi ya shule ikasema ni tunda. Basi nikakamua ndimu nyingi, nikachuja kwa kitambaa safi, watoto wakapuliza mpaka wawili wakashikwa na kizunguzungu. Hakuna kilichogeuka. Niliwaambia sayansi inataka subira. Ndimu zilizobaki tulitia sukari tukanywa.

Nakuuliza kama mwanasayansi, usinicheke: inawezekana pumzi za watoto wa hapa zina upungufu wa gesi hiyo kwa sababu ya chakula?

Dada yako,
Bernardine


Mbarara
6 Machi 2024

Dada Bernardine,

Pumzi za watoto wako ni nzima kama za watoto wa Mbarara. Lime ni chokaa. Kosa ni langu. Nimetoka kukufundisha habari ya nyumba mbili, halafu neno la kwanza ninalokupa nimekupeleka nyumba ya jirani.

Nakutumia chokaa, na mishumaa ya kweli. Koroga chokaa kwenye maji, acha itulie, tumia maji ya juu yaliyo safi. Nilikuwa nimekufungia chokaa nyingine juzi, lakini askari wa kizuizi cha barabarani alimwuliza Dauda unga mweupe huo ni wa nini, naye akajibu, "Ni wa watoto wa shule, wanapuliza." Walimweka pale muda mrefu, na chokaa ikabaki kwao. Safari hii nimeandika jina juu ya mfuko, na Dauda nimemwambia akiulizwa anyamaze.

Na mimi nimejaribu swali lako hapa. Wanafunzi wangu walisimama mmoja mmoja wakanipa maana ya solution kwa Kiingereza kinyoofu kama rula. Nikawaambia, nipeni mfano mmoja kutoka jikoni kwenu. Wakafunua madaftari. Baadaye sana msichana mmoja akasema, "Chai ya sukari, lakini sijui kama chai imo kwenye mtihani."

Nimeanzisha ukuta wangu.

Zam


Kashojwa
14 Machi 2024

Zam,

Chokaa ilifanya kazi. Maji yaligeuka maziwa, watoto wakagombania mrija. Ningependa barua iishie hapo.

Lile neno lako host tuliliandika Jumatatu. Nyumba ya mtaani: mwenyeji, mtu wa Uganda aliyetupokea. Nyumba ya sayansi: kiumbe anayenyonywa na kimelea anayeishi juu yake. Pembeni tuliandika parasite, kimelea, kwa mfano kupe. Niliingia ofisini kidogo kuchukua chaki. Niliporudi, kuna mtoto alikuwa amechora mshale kutoka kupe mpaka kwa yule mwenyeji wa Uganda, kama tulivyozoea kuunganisha maneno ya jamaa moja. Niliona ni kazi nzuri. Sikuona kingine, naapa.

Asubuhi yake alipita Mzee Rwakabuba, mfugaji wa Rugaaga, mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Alisoma polepole, akasoma tena, akavua kofia. Akasema, "Mwalimu, miaka yote mimi natafuta hii maneno. Leo naona imeandikwa." Alipigwa picha mbele ya ukuta, mkono kiunoni.

Kufikia saa sita picha ilikuwa kwenye simu zote za Kashojwa. Kufikia jioni Mama Orpa, Godeberthe anayeuza makaa, alikuwa mlangoni kwangu na wanawake wa kwaya. Mimi mwenyewe ni mwanakwaya. Hawakuniimbia.

"Unatuita kupe," alisema. "Weye, mutu wetu."

Nilijaribu kueleza. Nilianza kwa Kiswahili, nikaingia Kifaransa, woga uliponizidi nikatoa Kiingereza, na hapo walikwisha kuondoka.

Bwana Kizito ameitisha mkutano wa wazazi Jumamosi ya wiki ijayo. Amesema ukuta utapakwa rangi, na kuhusu mimi wazazi wataamua. Wazazi wa wenyeji wanataka nibaki kwa sababu mbaya, na wazazi wakimbizi wenzangu wanataka niondoke kwa sababu nzuri. Usiku huu nafikiria kulifuta neno lile kwa maji, na mengine yote nayo.

Bernardine


Mbarara
16 Machi 2024

Dada,

Dauda anasubiri nje na injini inanguruma, kwa hiyo naandika haraka.

Usifute. Ukifuta, watasema ulimaanisha.

Orodha ile niliiandika mimi. Nimefundisha neno host miaka yote, na halikunijia hata mara moja kwamba kuna mtoto anaweza kulisoma na kujiona upande wa kupe. Kwangu lilikuwa neno la kitabu tu. Najua kwa nini: mimi ndiye mwenyeji. Nisamehe.

Ningekuja, lakini Jumamosi hiyo tuna khitma ya shangazi yetu aliyefariki juzi, na arobaini yake inafuata. Nakupa hili tu: usiwaeleze kwa Kiingereza, wala usianze wewe. Waulize wao neno hilo linakaa wapi.

Zam


Kashojwa
25 Machi 2024

Mdogo wangu,

Pole kwa msiba. Mungu amlaze pema shangazi yenu.

Nakueleza yote, maana Dauda alikuwepo mwanzoni tu, kabla ya kukimbilia khitma, na alichokuhadithia labda ni habari ya viti. Ndiyo, viti havikutosha. Wenyeji walikaa kulia, wakimbizi kushoto, kama harusi ya watu wasiopendana. Ukuta ulikuwa nyuma yangu na mshale wake.

Mzee Rwakabuba alifungua. "Mimi nasema hivi. Huyu mwalimu iko na akili. Ameandika kweli. Sisi tunatoa ardhi, tunatoa maji, tunatoa kuni. Sasa kitabu imesema."

Godeberthe akasimama. Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Alisema, "Mwalimu, batoto betu banarudi ku nyumba, banatuuliza: mama, sisi njo kupe? Niambie weye. Nibajibu nini?"

Zam, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kwa swali lile sikuwa nimejiandaa. Nikashika ukuta, na mkono wangu ukajaa mkaa.

Nikasema, "Mama Orpa, neno hili lina nyumba mbili."

"Basi hiyo moja ifungwe mlango," akajibu, na upande wa kushoto ukampigia makofi.

Ndipo nikakumbuka maneno yako. Nikawauliza: mwenyeji ni nani? Mtu mmoja wa kulia akasema ni mwenye ardhi. Mwingine akasema ni aliyetangulia kufika. Mama mmoja wa Rugaaga akasema mwenyeji ni yule anayekukaribisha chai, na kama hakukaribishi ni jirani tu. Kwa hilo watu walicheka pande zote mbili. Halafu kutoka nyuma kabisa Astère, Mrundi anayelima vibarua, akauliza kwa sauti ya upole, "Mzee Rwakabuba, mahindi yako ya msimu huu, nani amepalilia?"

Mzee alirekebisha kofia yake. Kila mtu pale alijua jibu, kwa sababu nusu ya upande wa kushoto ndio waliopalilia.

Nikaona mlango, nikaingia. Niliwaambia, katika sayansi kimelea anachukua na harudishi kitu, na mwenyeji wake anadhoofika. Nikasema, "Anayepalilia shamba la mwenzake si kimelea. Watoto walichora mshale huo kwa sababu mimi, mwalimu wao, sikuwafundisha neno lililokosekana."

Mzee Rwakabuba aliinua kichwa. "Iko neno ingine?"

"Lipo," nikasema. "Viumbe wawili wanaishi pamoja, na kila mmoja anapata faida. Wanaita mutualism." Nikawakumbusha yule ndege mdogo anayekaa mgongoni mwa ng'ombe. Ndege anakula kupe, anashiba. Ng'ombe anapata nafuu. Hakuna anayemwonea mwenzake.

Watu wa pande zote mbili wakaanza kunong'onezana. Mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Hiyo nzuri," akasema. "Hiyo napenda. Sisi ng'ombe, nyinyi ndege."

Godeberthe alikuwa ameshakaa. Akasimama tena. "Ndege nani?"

"Ni mfano tu, mama," Bwana Kizito akasema.

"Mimi nimetoka fasi ya ng'ombe. Baba yangu alikuwa na ng'ombe mingi, milima ilijaa. Nani alitoa makaa munayopikia? Nani alitoa samaki wa ziwa? Ng'ombe ni sisi."

"Haiwezekani," Mzee akasema. "Mimi Mnyankore, mtu wa ng'ombe. Hakuna siku Mnyankore anakuwa ndege."

Kuanzia hapo mkutano ulinitoka mikononi. Walibishana nani ng'ombe na nani ndege mpaka jua likageuka. Mtu alipendekeza zamu, mwaka huu ng'ombe mwaka ujao ndege. Pande zote zikakataa kwa kauli moja, na Bwana Kizito akasema hiyo ndiyo kura ya kwanza ya pamoja katika historia ya kamati. Mama yule wa chai akasema yeye yuko tayari kuwa ndege, kwa sababu ndege hakamuliwi, na akina mama wa pande zote mbili wakamsogezea kiti. Hatimaye Bwana Kizito alifunga kwa sala bila kufikia ajenda yangu. Sijui kama alisahau. Nilimwona akitazama pikipiki yake huku anatabasamu.

Ukuta upo. Mshale wa kupe watoto waliufuta wenyewe leo asubuhi, wakaandika neno jipya, na kuchora ng'ombe mkubwa na ndege. Chini ya picha hawakuandika ni nani. Niliwashauri hivyo.

Godeberthe hanipi mkono bado. Lakini jana kwenye kwaya alinisogezea kitabu cha nyimbo.

Dada yako,
Bernardine


Mbarara
20 Mei 2024

Dada Bernardine,

Nilitaka kuandika mapema, lakini arobaini ilitushika, kisha nikaitwa kusahihisha mtihani wa majaribio. Hukujua, na mimi sikukwambia, kwamba karatasi za shule za huko zinasahihishiwa hapa, na kwamba nilipangwa meza ya biolojia. Majina hayapo, namba tu. Lakini namba za Nakivale zinajulikana kwa vumbi lake jekundu.

Sheria hainiruhusu kukutajia alama. Kwa hiyo nitakwambia tu kwamba Bwana Kizito atafute mtu mwingine wa kupambana na mchwa.

Lilikuwepo swali la maana ya host. Nilipolifikia niliweka kalamu chini kwanza. Karatasi nyingi zilijibu vizuri, chache zilijibu vibaya, na hakuna hata moja iliyomtaja mtu wa Rugaaga. Halafu nikafika kwenye moja yenye Kiingereza safi kabisa: kiumbe hai ambaye kimelea huishi juu yake au ndani yake na kujipatia chakula. Kila herufi mahali pake. Chini ya jibu, kwa Kiswahili na kwa mwandiko mdogo, mtahiniwa ameongeza: "Hapa hasemwi mtu yeyote."

Mwenzangu wa mezani, mwalimu wa Kamukuzi, aliona maneno yale akauliza kama ya ziada yanakatwa alama. Nikamwambia hapana, na nikamtafsiria.

Aliisogeza karatasi karibu. "Lakini nani aliwaambia kwamba wanasemwa wao?"

"Mimi," nikamjibu. "Mwezi wa pili, kwa orodha yangu, bila kujua."

Nikampa yule mtoto alama zote, nikafungua karatasi iliyofuata.

Mdogo wako,
Zam